Aliyehesabu Naye Chini ya Tuta

Mambo ambayo mashahidi wote watatu, yaani mzee, binti yake na fundi wa mabwawa, hawakuyabishania ni haya: ndoo ilikuwa ile ile ya siku zote, mzee mwenye bwawa alihesabu kwa sauti, na ilipojaa alikuwa amefika arobaini, na saa ya fundi ilionyesha sekunde kumi na tisa. Walitofautiana kwa jambo moja tu, nalo ni iwapo mzee alihesabu peke yake.

Bwawa lilikuwa mali ya mzee. Tuta lake la udongo alilishindilia yeye na mkewe, na bondeni, chini ya tuta hilo, walimjengea binti yao nyumba. Kila asubuhi mzee alishuka pale maji yalipochuruzika kidogo, kama yachuruzikavyo katika tuta lolote la udongo, akatega ndoo, akahesabu, nambari moja kwa kila sekunde. Ikijaa kwa arobaini, tuta ni zima. Ikijaa mapema, maji yamejitoboa njia ndani, na walioko bondeni wahame.

Mkewe alipofariki aliendelea peke yake. Binti alishinda kazini, akipita Jumapili kumjulia hali. Siku nyingine zile nambari ndizo maneno pekee yaliyotoka kinywani mwa mzee hadi jua kuzama.

Mwezi wa tano wa upweke huo, alipofika kumi na mbili, mtu alitaja kumi na tatu kabla yake. Sauti ilitoka ndani ya tuta, ya kike, nyembamba, pamoja na harufu ya sabuni ya kufulia, ile ya mkewe. Mzee alisita. Kisha akasema kumi na nne, wakaendelea wote wawili.

Kesho yake alioga na kuvaa shati safi kabla ya kushuka.

Binti ndiye aliyeona bustani yake imelowa bila mvua, akaita fundi wa mabwawa.

"Baba, umepima leo?"

"Arobaini."

"Na jana?"

"Arobaini. Mmekuja kunipima mimi au bwawa?"

"Wewe mzee wangu tutakupima baadaye," fundi alisema akicheka. "Tega ndoo."

Alitega. Alianza taratibu, moja, mbili, tatu, na kwenye nne ile sauti ikaingia, ikatangulia, ikamvuta, naye akaifuata kama mtu aliyeshikwa mkono katika umati na kuogopa kuachwa, kumi, kumi na tano, nambari zikigongana mdomoni, sabuni ikimjaa puani, thelathini, thelathini na tano, hadi pumzi ikamwishia kwenye arobaini na ndoo ikafurika miguuni mwake maji ya rangi ya chai.

Fundi alimwonyesha binti saa.

"Baba," binti alinong'ona, "mbona mlikuwa mnakimbia?"

"Mlikuwa?" fundi aliuliza. Yeye aliapa, na hajabadili kauli hadi leo, kwamba alisikia mtu mmoja.

Binti alikwenda kuwatoa watoto wake nyumbani. Mzee alizungusha koki ya kutolea maji kwa mikono yake mwenyewe, na kutoka ndani ya tuta, asema yeye, aliitwa kwa jina la utani ambalo lilikuwa limezikwa pamoja na mkewe, akaitwa tena, kwa upole, kisha kwa kilio, mpaka koki ikafika mwisho.

Bwawa lilipokauka, fundi alichimba tuta akakuta pango la kutosha mtu aliyejikunyata, kuta zake laini kama zilizopapaswa kwa viganja. Maji hulainisha udongo, alisema. Hoja hiyo ina uzito.

"Jini lilikudanganya, Baba," binti alimwambia jioni. "Yule hakuwa mama."

"Najua. Mama yako alihesabu polepole kuliko mimi. Nilijua siku ile ile ya kwanza."

Binti aliwavuta watoto wake karibu. "Na sisi tulikuwa tumelala huku chini."



Juu ya jini, ushahidi unagongana, na asimuliaye hana mamlaka ya kuukamilisha. Juu ya mzee, amekiri kwa kinywa chake. Mhukumu wewe uliyesikiliza. Ila kabla hujatamka hukumu, kadiria kwanza ni miezi mingapi wewe ungestahimili bila kuitwa na mtu yeyote.