Matawi ya Mnyaa

Sikukuu ilikuwa inakaribia. Chiriku alifagia uani, akaosha vyombo, kisha akachukua kikapu. Ndiyo desturi ya nyumba yao: watoto huokota vitu vya kupambia mlango, na mama, ambaye ni fundi cherehani, huvishona pamoja kuwa shada kubwa. Sharti ni kuokota kilichoanguka chenyewe, si kukata.

Lakini mwaka huo upepo ulikuwa mchoyo. Kikapuni mlikuwa na majani makavu na maganda ya mbegu tu.

"Shada gani hili? Kama kiota cha kunguru!" alicheka mdogo wake, Kifungo, ambaye hata shule hajaanza.

Chiriku akatazama ua wa jirani yao seremala. Ulikuwa wa minyaa, vijiti vyake kijani kibichi, laini kama vidole. Akavunja kimoja, kisha kingine. Maziwa meupe yakatiririka. Kifungo aliponyoosha mkono, akampa viwili achezee.

Punde ukasikika ukelele. "Dada! Jicho linaungua!"

Mama akatoka mbio, tepu ya kupimia shingoni. "Kuna nini?"

Chiriku akaficha kikapu nyuma yake. "Ni... ni vumbi, mama."

Mama akalipuliza jicho, akalifuta kwa pindo la gauni. Mtoto akazidi kulia. Jicho likavimba, jekundu kama pilipili.

"Mama, sioni!"

"Ee Mola, mponye," Chiriku aliomba kimoyomoyo. Lakini angeombaje huku uongo ungali mdomoni?

"Mama, si vumbi! Ni maziwa ya mnyaa. Nimevunja mimi!"

"Mungu wangu!" Mama hakugomba, hakupiga. Alimbeba mtoto hadi bombani, akamwinamisha, akayaacha maji yatiririke juu ya jicho kwa muda mrefu. "Na wewe nawa kwa sabuni, usijiguse uso! Kisha kamwite jirani!"

Seremala akawapakia kwenye pikipiki yake hadi zahanati. Nesi akaliosha jicho tena, akatia dawa, akalifunika. Usiku kucha Chiriku hakupata lepe la usingizi.

Asubuhi ya sikukuu walirudi zahanati. Nesi alibandua kitambaa, akafunika lile jicho lisiloumia, akainua mkono. "Unaona nini?"

Kifungo akakodoa. "Vidole vitatu. Na kimoja kina wino!"

Mama akaangua kilio cha furaha. Nesi, aliyekwisha kuelezwa yote na mama, akamgeukia Chiriku.

"Binti, utomvu tuliuosha kwa maji. Uongo wako ndio uliotaka kumpofusha, maana ulimchelewesha mama. Mtu akiumia, sema upesi kilichomdhuru, hata kama mkosaji ni wewe."

"Nimekoma, nesi." Chiriku akapiga magoti mbele ya mdogo wake. "Nisamehe."

Kifungo akafikiri kidogo. "Nimekusamehe. Lakini leo unanibeba mpaka nyumbani."

Chiriku akageuka, akampa mgongo.