Dawa Kwenye Mkono wa Baba Chupa

Je, wewe unayesoma, umewahi kuona mtu akibebeshwa mzigo ambao unajua fika ni wako? Basi keti vizuri, nikusimulie yaliyompata mjukuu wangu.

Mama yake, binti yangu wa pili, ana saluni ya chumba kimoja. Ina viti viwili mbele ya kioo kirefu, beseni la kuoshea, na saa ya ukutani yenye ufa. Kila Jumamosi mimi hukaa karibu na mlango wa nyuma nikichambua rasta, na mjukuu wangu hufagia nywele, hukunja taulo na kutazama saa. Hiyo kazi ya saa ndiyo iliyompa jina la Kengele. Mama yake akishampaka mteja dawa ya kulainisha nywele, humwonyesha mshale ukifika wapi aseme, "Muda!" Dawa ile ni kali. Ikikaa sawasawa hulainisha, ikipitiliza hula ngozi.

Jumamosi moja alikuja mwalimu wa chekechea, mpole kiasi kwamba akiongea ni kama anaomba radhi. Binti yangu alimpaka mafuta kichwani kwanza, akavaa glavu, akampaka dawa, kisha akageukia mteja wa pili aliyekuwa amesukwa nusu. Mimi nilikuwa nimetoka kununua nyuzi, kwa hiyo mengine niliyajua baadaye. Nje wasichana wa jirani walikuwa wakiruka kamba. Kengele akasogea mlangoni kutazama mara moja tu. Unaijua wewe hiyo mara moja tu.

Mwalimu alimwita taratibu, akamwambia kichwa kinawaka. Kengele, uso wake ukiwa barabarani, alimjibu avumilie, urembo hauji hivi hivi. Alipokuja kukumbuka saa, mshale ulikuwa umepita mbali. Akasema "Muda!" kama kawaida yake. Mama yake akamwosha mteja, hata saa hakuitazama. Alimwamini mwanawe.

Kesho yake kichwa cha mwalimu kilikuwa na vidonda. Muuguzi aliyemtibu ndiye aliyemshauri apeleke malalamiko kwenye Chama cha Wasusi.

Kengele aliniuliza kama hicho chama ni polisi. Nikamwambia si polisi wala si serikali. Ni wasusi wenyewe walioungana, wanachanga kidogo kidogo, na hakuna anayegawana faida. Wanafundishana kazi, wanaweka kanuni, na mteja akiumia wanakaa kusikiliza. Cheti chao, kile kilichotundikwa chini ya saa, ndicho kinachomfanya mgeni aingie bila woga. Wakikishusha, saluni imekufa. Usiku ule chakula chake kilibaki kwenye sahani, nami nikadhani ni malaria.

Mama yake naye alikuwa na jibu lake moja: dawa ilikuwa mbovu. Aliinunua kwa Baba Chupa, mzee mwenye upara na duka la dawa za nywele, ambaye watu humtania kwamba anauza asichoweza kutumia.

Kamati ya chama ilikuja Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa. Mwenyekiti alikuwa mama mnene, vidole vyeusi kwa rangi ya nywele, maana naye ni msusi. Alikuja na wajumbe wawili. Mwalimu alikaa pembeni na kitambaa kichwani, Baba Chupa akaweka kofia yake magotini. Binti yangu alieleza kila hatua aliyofuata: mafuta, glavu, dawa.

"Na saa alishika mwanangu," akamalizia. "Huyu hajakosea hata siku moja."

Kengele aliinama akikunja taulo ambayo ilikwisha kukunjwa.

Mwenyekiti alimuuliza mwalimu anataka afanyiwe nini. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema hajui. Hapo mwenyekiti akasema kwamba kama dawa ni mbovu, wasusi wote wa chama wataambiwa leo hii waache kununua kwa mzee. Baba Chupa akainuka polepole.

"Duka hilo ndilo linalonilisha mimi na wajukuu zangu, mama," alisema. "Nipakeni mimi kwanza."

Na ndiyo desturi ya chama chao: dawa ikitiliwa shaka, aliyeileta hupakwa mkononi mbele ya wote. Wakachota kwenye kopo lile lile. Mwenyekiti akamtazama Kengele, akamwambia kwa kuwa yeye ndiye mwenye saa, basi aishike.

Matone ya bomba yakawa yanasikika kwenye beseni. Kengele hakupepesa macho. Mshale ulipofika mahali pake akasema "Muda." Mkono ukaoshwa. Ngozi ilikuwa safi kama ya mtoto mchanga.

Binti yangu hakuridhika. Alisema mkono si kichwa. Mjumbe mmoja akashauri wapake mkono wa pili, waiache dawa bila kuhesabu muda, mpaka ioneshe rangi yake. Mzee hakubisha. Alianza kufungua kifungo cha mkono wa pili wa shati. Mwenyekiti akachovya brashi.

"Mama, usimpake," Kengele akamwambia mwenyekiti. "Ataungua. Dawa haina kosa. Mimi sikuitazama saa."

Akaeleza yote huku machozi yakimtoka: kamba, mlango, na mwalimu alivyomwita. Mama yake akakaa kwenye kiti cha wateja. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Kosa si la mtoto peke yake," alisema. "Kichwa nilikabidhiwa mimi."

Mwenyekiti akarudisha brashi mezani. Uamuzi wao haukuchukua muda. Mzee hana hatia. Binti yangu atarudi kwenye mafunzo ya chama, atampeleka mwalimu zahanati mpaka apone, na kuanzia siku hiyo hakuna mtoto atakayeshikishwa saa ya dawa. Cheti kitabaki ukutani, lakini kwa onyo.

"Mwanangu," mwenyekiti akamwambia Kengele, "kuacha saa ni kosa la kitoto. Kunyamaza kungemla mzee wa watu. Chama hiki hakikuwekwa kutulinda wasusi tu, kinalinda na kichwa anachotuletea mteja. Lakini hakina macho ukutani. Kinaishi kwa mtu kusema kweli. Siku watu wakiacha kutuamini, tutabaki tunasukana wenyewe kwa wenyewe."

Baba Chupa akacheka, akapapasa upara wake, akasema yeye hapo hatamfaa mtu.

Kengele alikwenda akapiga magoti mbele ya mwalimu, akamwomba msamaha. Mwenyekiti akamuuliza mwalimu kwa mara ya pili anataka nini. Mwalimu akaweka sawa kitambaa chake, akamtazama mtoto.

"Siku ile nilipokuita, mdogo wangu," alisema, "nilitaka ugeuke uniangalie."