Maziko ya Kinyumenyume

Nyumbani kwa Chunilal, Parklands, hakuna aliyevuta tumbaku. Hata wageni waliombwa wakavutie barabarani. Ndiyo maana binti yake, Vidya, alipoisikia harufu ya kiko kwenye mapazia, Januari ile ya 1957, alimwita yaya kwa ukali.

"Peres! Nani navuta tumbaku hapa?"

Peres alinusa. "Ni Odero, memsabu. Umemtoa."

Odero alikuwa mume wa Peres, mvuta kiko, amezikwa wiki tatu nyuma. Alipokuwa hai alimpiga mkewe mpaka mimba ikatoka. Siku ya maziko mama yake Peres alimwonya aondoke kaburini bila kugeuza shingo, la sivyo jachien, mzimu wa mumewe, angemfuata. Peres akatii. Lakini Vidya alikuwepo na kamera yake. Alikuwa likizoni kutoka Ulaya, alikokuwa akisomea shahada ya pili, na utafiti wake ulihusu filamu za maisha halisi zinazochezewa kama mtu anavyochezea rangi. Basi jana yake alikuwa ameionyesha filamu ile ya maziko nyuma mbele: udongo ukaruka kutoka shimoni, jeneza likapanda, na Peres, ambaye hakugeuka, akaonekana akirudi kinyumenyume hadi kaburini. Vidya alijipigia makofi, Peres akitazama kutoka mlangoni.

"Ichome, memsabu. Nakuomba."

"Hapana. Hii ndio masomo yangu. Mtu ya kufa hapana rudi."

Kesho yake Peres alikuja na alama za vidole shingoni. Msomi wetu, badala ya kumpa pole, alimsimamisha dirishani akazichora.

"Basi ionyeshe sawasawa," Peres alilia. "Mzike tena."

Hilo Vidya alilikubali, maana alitaka kuona uso wa mjane. Mchana huohuo wakafunga mapazia, mashine ikaanza kuguruma, ukutani jeneza likashushwa kutoka kwenye lori, waombolezaji wakalizunguka shimo, na pale alipokuwa amesimama Peres siku ile, sasa alisimama mwanamume mrefu mwenye kiko, akachota udongo kwa kiganja, akautupa, na humo chumbani ukasikika ukidunda juu ya mbao, karibu sana, palepale kwenye kiti cha Peres.

"Zima," Peres alinong'ona. "Zima, memsabu, sipati hewa."

Kidole cha Vidya kilikuwa tayari kwenye swichi. Aliogopa, tena aliogopa kwelikweli. Lakini zilibaki sekunde chache tu, na alijua picha ya namna hii hataipata tena maishani, wala hakuna profesa aliyewahi kuiona, kwa hiyo akakiacha kidole palepale huku makoleo yakipanda na kushuka, na Peres akikwaruza mikono ya kiti, kwanza kwa nguvu, halafu polepole.

Filamu ikaisha. Vidya akafungua pazia. Peres alikuwa ameketi wima, macho wazi, kinywa kimejaa udongo mwekundu.

Nyuma ya Vidya mtu akakohoa.

"Memsabu," ikasema sauti ya kiume, kwa upole, "mke wangu umeshamzika. Sasa nani atanipikia?"