Weusi Usiotoka kwa Sabuni

Jumanne, saa moja na dakika kumi asubuhi, kijijini Bombo, Wilbard alisukuma mlango wa maabara ya nyumbani kwa Dokta Irine akamkuta kalala kifudifudi, kisogo kimepasuliwa kwa mchi. Mtungi wa unga wake mweusi ulikuwa umevunjika papo hapo na unga kutapakaa kila mahali. Unga huo ndio uliompatia jina hadi Ulaya. Ilikuwa kaboni ya pumba za mpunga wa Ndungu, yenye punje ndogo zisizoonekana kwa macho, ya kutunzia umeme kwenye betri.

Inspekta Naomi alifika kutoka Same saa tatu na nusu. Wilbard, mtafiti mwenza wa marehemu, alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo, meno mawili hana. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na kwa majirani upelelezi ulikuwa umekwisha.

"Ulimgusa?"

"Nilimgeuza, afande. Nilidhani bado anapumua."

"Mbona hukunawa?"

"Hautoki kwa sabuni. Mimi na Irine tukichafuka tunakaa hivi siku tatu, nne."

Naomi haamini watu, hasa wanaolia. Alishika kigae cha mtungi, akaenda bombani akasugua vidole kwa sabuni mpaka vikauma. Weusi ulibaki palepale. Basi muuaji naye lazima awe na mikono myeusi, na usiku ule walilala watatu tu katika nyumba hii: Irine, mdogo wake Koleta, na mama yao Hedwiga.

"Shikamoo mama. Naomba mikono."

"Marahaba." Mikono ya bibi huyo ilikuwa safi. Ya Koleta ilikuwa safi pia, tena laini.

"Huyo mwache," bibi alisema. "Ni wa jikoni tu."

"Maabara sijaingia leo," Koleta aliongeza. "Nilikuwa nachemsha makande."

Naomi akaonja makande. Hayakuwa na tone la mafuta, na chupa ya mafuta ya lita moja, iliyonunuliwa jana, ilikuwa imebaki matone. Nyuma ya jiko, jiwe la kuogea lilikuwa na utando mweusi unaoteleza. Akamimina matone yaliyobaki chupani, akasugua vidole. Weusi ukatoka wote.

Saa sita aliwakalisha Wilbard, Koleta na Hedwiga sebuleni.

"Muuaji alinawa kwa mafuta," alisema. "Wilbard ana shahada mbili na hilo halijui. Koleta, wewe umeosha vyombo vya maabara miaka minane. Bila shaka Dokta ndiye aliyekufundisha."

Uso wa Koleta ulibadilika. "Irine? Irine angenifundisha nini?"

Bibi akamgeukia. Koleta alitambua amejifichua, lakini hakurudi nyuma.

"Unga ni wangu. Mimi ndiye niliyeziba chungu kwa udongo nikachoma pumba bila hewa. Yeye alikuwa anapata majivu tu. Niliachishwa shule nimuuguze mama, yeye asome. Jana amepata kazi Ulaya, nikamwomba alitaje jina langu, mara moja tu. Akacheka. Akasema mtu wa darasa la saba ataiaibisha makala ya utafiti. Alfajiri nikamfuata na mchi. Sijutii. Andika yote, afande, na la unga uandike."

Naomi akamgeukia Wilbard, ambaye jina lake lilikuwa la pili kwenye makala ile, na sasa ndilo pekee la mtu aliye hai.

"Ni kweli?"

Wilbard alifuta damu mdomoni. "La unga silijui, afande."

"Mama, wewe unasemaje?"

Hedwiga alimtazama binti aliyembakia kwa chuki tupu.

"Kumuua amemuua, naamini. Lakini huo unga anadanganya. Huyu hata hesabu ya kugawanya hawezi."

Naomi aliandika mauaji, saa na mchi. La unga aliliacha, halikuwa kazi iliyomleta. Akamsomea Koleta maelezo taratibu hadi mwisho, akampa kalamu.

"Umeruka la unga," Koleta alisema.

"Tia sahihi."

Akatia sahihi, ndipo akaanza kulia.