Saa ya Nyumbani na Zamu ya Melini

Kitinda aliliinamia sufuria kubwa hadi mabega yakaingia ndani, akakwangua ukoko wa wali uliogoma kutoka. Meli ililalia upande mmoja, maji ya povu yakammwagikia miguuni. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hakujisumbua kuyakwepa.

"Utatumbukia humo, tukuoshe pamoja na vijiko," alisema Redio huku akifuta sahani. Wote walimwita hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Nikitumbukia, nifunike. Nitalala humo humo."

"Kwani wewe usiku hulali?"

Kitinda aliendelea kukwangua. Yeye naye aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wa mama yake, na jina hilo la nyumbani alikuja nalo melini.

Meli yao ilikuwa shule. Wanafunzi wa nchi mbalimbali waliishi humo mwaka mzima, wakienda bandari hadi bandari. Asubuhi walisoma hesabu, ramani na lugha. Mchana waliosha vyombo, walifua, walipiga deki, na kwa zamu walisimama mbele kabisa ya meli kuangalia kama kuna mashua ndogo au nyavu za wavuvi njiani. Zamu hiyo ilikuwa na sheria moja: huondoki mpaka mwenzako aje kukupokea.

Kilichowachosha zaidi kilikuwa saa. Meli ilielekea mashariki, na kila baada ya siku chache kipaza sauti kilitangaza kwamba saa zote zisogezwe mbele kwa saa moja. Saa hiyo ilipotea hivyo hivyo, na usingizi nao ukapungua. Kila mtu alisogeza mishale yake akinung'unika. Kitinda peke yake hakusogeza. Saa yake ya mkononi iliendelea kufuata saa za kwao. Akiitazama alijua: sasa mama anafungua duka lake la ushonaji, sasa kaka anachelewa kazini, kama kawaida yake. Alipotaka kujua saa ya meli, alijumlisha kichwani. Usiku alikaa macho mpaka aone kwamba na kwao wamelala, na hapo melini ilikuwa imebaki sehemu ndogo tu ya usiku. Mwalimu alipomuuliza kwa nini macho yake ni mekundu, alisema ni sabuni.

Redio alitundika kitambaa chake. "Natafuta kofia yangu, kisha naingia zamu. Utanipokea saa kumi. Jua la leo halina adabu, usinisahau."

"Nikusahau wewe? Kelele zako nazisikia hata ndotoni."

Alipobaki peke yake, Kitinda aliegemeza paji la uso ukutani, maji yakiendelea kutiririka bombani. Kipaza sauti kikatangaza jambo. Aliisikia sauti kwa mbali, lakini alikuwa ameshasinzia wima, na maneno yakampita.

Baadaye aliketi kitandani kwake na viatu miguuni. Akaitazama saa yake, akajumlisha nne kama alivyofanya jana. Akaona bado muda upo, akajilaza kidogo. Hakujua kwamba tangu mchana ule ilibidi ajumlishe tano.

Alipofika mbele ya meli, kitu cha kwanza kilichomtisha ni ukimya. Redio alikuwa ameushika ukingo kwa mikono miwili, midomo imekauka, hasemi neno. Kofia hakuwa nayo. Nyuma ya Kitinda zilisikika hatua za mbio. Alikuwa Serahangi, msimamizi wa mabaharia, ambaye alikuwa amegundua kwamba mlinzi hajabadilishwa. Alimdaka Redio kabla hajaanguka, akamlaza kivulini, akamwagia maji kichwani na kumnywesha kidogo kidogo.

"Nani alipaswa kumpokea huyu saa nzima iliyopita?"

Kitinda alifungua mdomo, lakini Redio alimtangulia kwa sauti iliyokwaruza. "Tulibadilishana, mzee. Mimi ndiye niliyeomba."

Jioni, Redio alipopata nguvu, waliitwa ofisini kwa Kapteni. Kapteni alikuwa mwanamke mpole, aliyepaza sauti wakati wa dhoruba tu.

"Kubadilishana zamu bila ruhusa ni kosa la wote wawili," alisema. "Kesho kutwa tukifunga bandarini, nyote mtabaki melini."

Dada yake Redio alifanya kazi katika mji ule wa bandari, na hawakuwa wameonana kwa miaka miwili. Habari za dada huyo meli nzima ilikuwa imezikariri. Hata hivyo Redio alisema, "Sawa, Kapteni."

Kitinda aliitazama shingo ya rafiki yake iliyobabuka kwa jua. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Yeye hakuwa na mtu bandarini. Kusema kungeweza kumrudisha kwao, kwa kuwa siku ya kwanza waliambiwa kwamba anayetelekeza zamu anaweza kufukuzwa. Kwao alipatamani sana. Lakini kurudishwa kama mzigo uliokataliwa, akamkute mama mlangoni?

"Hatukubadilishana, Kapteni," alisema. "Nililala." Akaeleza yote: saa yake, kukesha kwake, na ile sabuni ya uongo.

Kapteni aliiangalia saa iliyokuwa mkononi mwa Kitinda.

"Kupakumbuka kwenu si kosa, mwanangu. Hata mimi nina watoto nyumbani. Lakini mwenzako hasimami juani kwa saa ya kwenu, anasimama kwa saa ya hapa. Ukichoka, sema umechoka. Tutakupunguzia kazi, tutampanga mwingine. Ukificha, uchovu wako anaubeba mtu asiyejua kwamba amebebeshwa. Leo nusura umwangushe."

"Nisamehe, Redio."

"Nimeshakusamehe. Ila kofia unanisaidia kuitafuta."

"Na wewe," Kapteni alimgeukia, "usinidanganye tena kwa huruma. Nikidanganywa, siwezi kumsaidia yeyote. Utakwenda kwa dada yako. Kitinda atabaki kukwangua kutu, na kuanzia leo taa ikizimwa naye analala. Simrudishi kwao. Amejisema mwenyewe, kwa hiyo nitamwamini tena, ila polepole."

Siku walipofunga bandarini, Kitinda alipiga magoti kando ya ukingo na kipande cha chuma cha kukwangulia. Chini, Redio alikuwa amekumbatiwa na dada yake huku akiongea bila kupumua, na dada wa watu akifungua mdomo na kuufunga bila kupata nafasi. Kitinda alicheka peke yake. Mikono ilimuuma, na vumbi la kutu lilimjaa mapajani, lakini kichwa chake kilikuwa chepesi. Usiku uliopita alikuwa amelala mpaka akaamshwa.

Jua lilipopungua, Serahangi alikuja akaukagua ukingo kwa kidole.

"Pamekwanguliwa vizuri. Acha hapo, binti."

"Bado upande wote huu, mzee."

"Hii kutu haina miguu, tutaikuta kesho. Umechoka?"

Kitinda alijikung'uta kutu mapajani. "Nimechoka, mzee."

"Basi nenda ukale, ukalale."

Akaweka chuma ndooni, akaiacha kutu pale alipokomea, akaenda.