Macho ya Fadhila na Sigara ya Siri

Ndugu zangu wa Kibaha na Kisarawe, sogeeni niwasimulie yaliyomfika Fadhila, fundi cherehani wa mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa barazani kwake akishona sare za shule. Binti yake Naila, wa darasa la sita, alikuwa pembeni akipachika vifungo, na redio ikiimba taratibu. Mumewe, Kibwana, karani wa ofisi moja Dar, siku hiyo alikuwa nyumbani akirekebisha uzio. Nyumba ilikuwa imetulia. Naila akainua uso, akamtazama mama yake, akaweka nguo chini.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Kwa nini?"

"Unanikodolea macho."

Fadhila alicheka, lakini aliingia ndani akajitazama kwenye kioo. Macho yalikuwa yametoka. Kope za juu zilikuwa zimepanda mpaka weupe ukaonekana juu ya mboni. Kwa wiki kadhaa moyo ulikuwa ukimwenda mbio, mikono ikitetemeka, nguo zikimpwaya ingawa alikula vizuri. Kwa yote hayo alikuwa akiisingizia kazi.

Mtaani maneno yakaanza. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema siku hizi ana hasira na wateja. Kibwana hakuwasikiliza. Aliomba ruhusa kazini, akampeleka hospitali, damu ikapimwa. Daktari, mama mmoja wa makamo, aliwaeleza kuwa tezi ya shingoni, ile inayoitwa thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi, na kwamba maradhi hayo yamevimbisha misuli na nyama zilizo nyuma ya macho. Kisha akauliza, "Unavuta sigara?"

Fadhila alimtazama mumewe kwa pembeni. "Hapana, daktari."

"Afadhali. Sigara huyachochea sana macho ya namna hii, na dawa haifanyi kazi inavyotakiwa."

Alikuwa amedanganya. Alikuwa akivuta tangu enzi alipofanya kazi kiwanda cha nguo, alikofundishwa na wenzake wakati wa mapumziko, na sasa ulikuwa mwaka wa kumi na nne. Alivutia nyuma ya choo, tano au sita kwa siku, kisha akatafuna karafuu na kunawa kwa sabuni. Nanyi mnajua kwetu kulivyo: mwanamume akivuta barabarani hakuna anayegeuka, ila mwanamke akishika sigara mtaa mzima una la kusema. Basi alificha, hata kwa mtu aliyetaka kumponya.

Vidonge alimeza bila kukosa. Moyo ukatulia, mwili ukarudi. Macho hayakurudi. Yaliwasha kana kwamba yametiwa mchanga, yakawa mekundu, yakatoa machozi kila upepo ulipovuma. Mwezi wa nne wa kumeza dawa akaanza kuona vitu viwili viwili. Siku aliyokuwa akishona gauni la harusi la Jenifa, mwalimu wa chekechea, aliona sindano mbili, akasukuma kitambaa, na sindano ya kweli ikapita kwenye kidole chake. Damu ikamwagikia kitambaa cheupe. Jenifa, aliyekuwa amekuja kulijaribu, alimfunga kidole kabla ya kulitazama gauni.

Fadhila alikaa hapo hadi mchana ukapita. Alijiona akiwa kipofu, Naila akimshika mkono kumpeleka chooni, na alijua chanzo kingekuwa kitu alichokifuata mwenyewe nyuma ya choo hichohicho.

Kibwana aliporudi kutoka kazini, hakumsubiri hata avue viatu.

"Baba Naila, mimi navuta sigara. Nilimdanganya daktari."

Kibwana alikaa kwenye stuli. "Najua. Tangu mwaka juzi. Nilinyamaza nikiona nakustahi."

"Hata pale hospitali ulijua?"

"Nilijua. Ukadanganya nami nimekaa pembeni yako." Akainamisha kichwa. "Hilo ndilo linaloniuma."

"Basi sasa tumeshajua wote. Naacha. Sipunguzi, naacha."

Kesho yake asubuhi alikwenda dukani kwa Dulla, aliyekuwa akimuuzia moja moja ndani ya karatasi ya sukari. Watu watano walikuwa pale.

"Dulla, kuanzia leo usiniuzie sigara. Hata nikikwambia ni za mgeni."

Dulla aliwatazama wateja kwa aibu. "Dada, mbona unajianika?"

"Najianika nipone."

Akarudi hospitali akasema ukweli. Daktari hakumfokea. Alimwandikia dripu za kupunguza uvimbe, mara moja kila wiki, dawa ya matone na miwani ya kukinga upepo, akamwonyesha namna ya kuivuka hamu: inapanda, inakaa dakika chache, inashuka.

Kati ya dripu na dripu alikaa kijijini Msimbu kwa mama yake, Bi Mwamini, mkulima wa mihogo, mbali na choo kile. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Alikasirika bure, akalia bure, akatafuna ubani mpaka taya zikauma. Siku ya tisa alishindwa. Alitembea hadi kigengeni, akanunua moja, akavuta nusu. Mama yake alimkuta njiani.

"Umevuta."

"Nimevuta, mama. Nusu."

"Basi anza upya kesho."

"Kesho mbali." Fadhila aliitupa iliyobaki, akaisaga kwa kisigino. "Naanza sasa hivi."

Hakugusa nyingine. Miezi kumi ikapita. Sasa anaona kitu kimoja kuwa kimoja, isipokuwa akitupa macho juu sana. Bado yametoka kidogo, na daktari amesema maradhi yakizidi kutulia, kope zinaweza kushushwa kwa upasuaji. Wateja waliohama, baadhi wamerudi.

Juzi alijiwa na Stellamaris, mwanakwaya, mama anayeheshimika sana. Alileta kitambaa lakini hakusema ashonewe nini. Alingoja Naila aingie ndani.

"Fadhila, siku ya kwanza ya kuacha, ulianzaje?"

Fadhila aliona vidole vya mgeni wake vilivyoingia umanjano wa sigara. Akamvutia stuli.

"Kaa, dada. Siku ya kwanza nilimwambia mtu."

FUNZO

Ndugu zangu, mwenye maradhi ya tezi yaliyofika machoni asivute sigara. Akiendelea, anaimwagia maji dawa anayoimeza. Anayeulizwa na daktari aseme ukweli, maana daktari hatibu asichoambiwa. Ukiteleza siku moja, simama saa ileile. Nasi majirani tuache kumcheka mwanamke anayevuta. Kicheko chetu ndicho kilichomfukuzia Fadhila nyuma ya choo, na karibu kimnyang'anye macho.