Jepkorir na Ardhi Inayochemka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Jepkorir alishuka korongoni na debe kichwani. Huko kwao, juu ya milima ya Eburru, hapakuwa na mto wala kisima. Mvuke wa moto ulitoka kwa kishindo katika ufa wa mwamba na kuingia ndani ya bomba refu la chuma ambalo wazee walikuwa wamelilaza juu ya mawe. Humo ulipoa polepole, na mwishoni ulidondoka ndani ya pipa ukiwa maji safi, tone baada ya tone. Ukichota kwa pupa, jirani anakosa. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na zamu yake, na hakuna aliyethubutu kuingilia zamu ya mwenzake.

Baba yake, Kipkemei, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la Mzungu. Mzungu alikuwa na matangi yake karibu na nyumba kubwa. Bomba la korongoni lilikuwa la wafanyakazi, na katika shamba lote ndicho kitu pekee walichoweza kukiita chao.

Mwaka huo wa 1955 Jepkorir alikuwa darasa la nne. Mwalimu wao aliitwa Adero, mama mrefu aliyetoka Nyanza, ambaye hakupenda majibu ya kukariri. Siku moja alichora ramani ya dunia ukutani kwa makaa.

"Waingereza walipata wapi nguvu?" aliuliza.

"Kwenye bunduki, Mwalimu," alijibu Kemboi, mvulana aliyekaa nyuma.

"Na bunduki ilitoka wapi?"



"Ilitoka ardhini," alisema Mwalimu Adero. "Chini ya nchi yao kulikuwa na makaa ya mawe, na karibu na makaa kulikuwa na chuma. Makaa yalichemsha maji, maji yakawa mvuke, mvuke ukaendesha mashine. Ndipo wakaunda meli za chuma, na reli kama hii inayopita Naivasha na Nakuru. Kule Afrika Kusini kuna dhahabu. Kongo kuna shaba. Mataifa makubwa hutazama kwanza kilichomo ndani ya mwamba."

Jepkorir aliinua mkono. "Na wale waliokuwa wakiishi juu ya dhahabu, Mwalimu, wakawa matajiri?"

Mwalimu alitazama mlangoni kabla ya kujibu. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ikiwakamata watu kwa neno tu, na kuta zilikuwa na masikio.

"Wengi walihamishwa," alisema kwa sauti ya chini. "Wengine walirudi kuichimba ardhi iliyokuwa yao, kwa mshahara mdogo."

Maneno hayo yalimwingia Jepkorir kama mwiba. Babu yake pia alikuwa amehamishwa, na malisho yake yakawa shamba la Mzungu. Jioni hiyo Kipkemei alirudi nyumbani uso umemkunjamana.

"Kuna watu wa serikali wamepiga kambi kule chini, karibu na ziwa," alisema. "Wanatafuta mvuke. Wanataka kuutumia kutengeneza umeme. Wakiliona bomba letu watazungushia waya, na sisi tutaambiwa tufunge mizigo. Mtu yeyote asiwaonyeshe korongo."

"Na wakituuliza?" mama yake Jepkorir aliuliza.

"Tunyamaze."

Jumamosi, Jepkorir alikuwa akichunga mbuzi juu ya korongo alipomwona kijana mmoja Mwafrika akipanda mlima peke yake. Alivaa kaptura ya kaki na buti ndefu. Mkononi alikuwa na fimbo ya chuma, na begani alining'iniza mfuko wa ngozi.

"Hujambo, dada?" alisalimu huku akihema.

"Sijambo."

"Mimi naitwa Micah. Natafuta mahali ambapo mvuke unatoka kwa nguvu, niupime joto. Nimesikia kuna korongo huku juu."

Korongo lilikuwa nyuma ya vichaka vya leleshwa, hatua chache tu kutoka hapo. Alikumbuka agizo la baba yake akafunga mdomo. Lakini Micah alianza kuelekea vichakani, na woga ukamfungua ulimi.

"Huko hakuna kitu!" alisema upesi. "Mvuke uko kule, nyuma ya kile kilima chekundu."

Micah aligeuka na kutabasamu. "Asante sana. Umeniokoa na safari ya bure."

Akaenda zake. Jepkorir alimtazama mpaka akawa mdogo, akashusha pumzi. Bomba limepona, alijiambia. Kisha mkono wake ukaenda mdomoni wenyewe.

Nyuma ya kilima chekundu palikuwa mahali ambapo watoto wote walikatazwa kukanyaga. Ardhi ya pale ilionekana ngumu, imekauka na kupasukapasuka, lakini ukavu ule ulikuwa utando tu, na chini yake tope lilichemka. Mwaka uliopita mtamba mmoja alizama pale. Jepkorir aliusikia mlio wake kutoka mbali, na usiku kucha hakuweza kulala. Alipomwelekeza Micah alikuwa amefikiria jambo moja tu: aende mbali.

Sasa afanye nini? Akimkimbilia na kumzuia, atauliza kwa nini alimtuma huko. Akikaa kimya, hakuna atakayejua. Hakuna aliyewaona wakizungumza ila mbuzi. Alisimama pale akihisi kwamba kila pumzi anayovuta, Micah anaongeza hatua moja.

Akakimbia.

Miiba ilimchana miguu. Upepo ulileta harufu ya kiberiti, na mbele yake mvuke mweupe ulijikunja juu ya udongo mwekundu. "Bwana Micah!" aliita. "Rudi! Rudi!" Alipozunguka kilima alisikia yowe.

Micah alikuwa amezama mguu mmoja mpaka gotini. Alijaribu kujiinua kwa mikono, na kila alipoegemea, utando ulimegeka na tope likatokota pembeni yake.

"Usisukume!" Jepkorir alipiga kelele. "Lala! Lala kifudifudi!"

Alivunja matawi ya leleshwa kwa nguvu zake zote, mengine akayang'oa na mizizi, akayatandika juu ya ardhi mojamoja kuelekea kwa Micah. Akalala juu yake na kutambaa. Joto lilipenya majani likamfikia tumboni. Ardhi ilitikisika chini yake kama ngozi ya ngoma. Hakuweza kusonga mbele zaidi, kwa hiyo akanyoosha fimbo yake ya kuchungia.

"Shika! Jivute polepole, ukae juu ya matawi."

Micah alishika. Jepkorir alikaza vidole vya miguu kwenye shina la kichaka lililokuwa nyuma yake, akauma meno na kuvuta. Mguu ulitoka, buti imejaa tope la moto. Walitambaa kurudi nyuma mpaka wakafika kwenye mwamba, na hapo Micah akaivua buti huku akilia kama mtoto. Ngozi ya mguu ilikuwa imewiva.

"Maji," alisema kwa shida. "Chupa yangu imezama. Kuna maji karibu?"

Jepkorir alitazama chini. Kambi ilikuwa mbali sana, mwendo wa nusu siku kwa mtu mzima wa afya. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa upande wa pili wa mlima. Maji ya karibu yalikuwa ndani ya pipa moja tu.

"Yapo," alisema. "Niegemee."

Walishuka korongoni polepole, Micah akirukaruka kwa mguu mmoja. Mama yake Jepkorir alikuwa pale, ndiyo kwanza debe lake limejaa. Alipomwona mgeni, alishtuka.

"Jepkorir! Umemleta huku?"

"Mama, mimi ndiye niliyemchoma," Jepkorir alisema, na machozi yakamtoka. "Aliulizia mvuke, nikamdanganya. Nilimtuma kwenye ardhi inayochemka."

Mama alimtazama binti yake, akautazama mguu wa Micah, kisha akalitazama debe. Yalikuwa maji yao ya siku nzima. Alilishika debe akaanza kuumiminia mguu maji kidogo kidogo, na yalipokwisha, mwanamke aliyemfuata katika zamu akatoa ya kwake bila kuombwa. Mwingine alikuja na samli ya kupaka, lakini Jepkorir akamzuia. "Mwalimu anasema mguu ulioungua ni maji tu, na kitambaa safi. Samli inafungia moto ndani."

Kipkemei, aliyeitwa na mtoto mmoja, alifika mbio na wanaume wawili. Micah alikuwa ameketi juu ya jiwe, akilifuata bomba kwa macho kutoka kwenye ufa mpaka kwenye pipa. Tone lilianguka, na jingine.

"Hili ndilo korongo nililoambiwa," Micah alisema hatimaye.

"Ndilo," Kipkemei alijibu, mkono umekaza rungu.

"Mzee, kazi yangu ni kuandika ninachokiona. Siwezi kuandika kwamba sikukiona. Nikifanya hivyo, kesho atatumwa mwingine, na huenda yeye asiulize kitu kwa mtu yeyote."

Wanaume walitazamana. Mmoja alinong'ona kwamba aachwe pale pale, asifike kambini. Kipkemei alimgeukia kwa ukali, kisha akamtazama Jepkorir, miguu yake ya damu na gauni lililojaa tope kifuani. Akaliweka rungu chini.

"Basi andika," alisema. "Lakini andika yote. Andika kwamba watoto wetu wanakunywa hapa, na kwamba hatuna maji mengine."

"Nitaandika hivyo hivyo," Micah alisema. "Kuahidi matokeo siwezi."

Walimpandisha juu ya punda na kumpeleka zahanati ya Naivasha. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Wanawake walichota maji bila kuimba, na baadhi ya majirani hawakumsemesha Jepkorir. Kila gari lililosikika barabarani liliwafanya watu watoke nje.

Hatimaye gari la serikali lilikuja. Ndani yake walikuwamo mhandisi wa Kizungu na Micah, mguu umefungwa bandeji, akitembelea mkongojo. Wafanyakazi wote walisimama korongoni. Kipkemei alieleza, na Mwalimu Adero akayatafsiri maneno yake kwa Kiingereza bila kupunguza hata moja. Mhandisi alisikiliza, akapima korongo, akayaonja maji ya pipa. Alisema mitambo yake ilihitaji uwanja mpana na maji mengi ya ziwa karibu, na korongo lile lilikuwa jembamba mno. Micah alikuwa amekwisha kuandika katika taarifa yake kwamba ni maji ya watu, na mhandisi akatia sahihi yake chini ya maneno hayo. Mwaka uliofuata mitambo ilipelekwa Olkaria, kule chini karibu na ziwa.

Gari lilipoondoka, watoto walimzunguka Mwalimu Adero.

"Niliwaambia mataifa yalipata nguvu kutoka kwenye mwamba," alisema. "Sikumaliza. Makaa ya mawe yalilala chini ya Uingereza miaka na miaka, na hayakumpa mtu nguvu mpaka watu wakayajua na kuyachimba. Ardhi yetu nayo ina mali. Ninyi jifunzeni kuijua, muweze kuisemea kweli mbele ya yeyote. Uongo ungelilinda bomba hili siku moja, na ungemuua mtu."

Jepkorir aliinamisha kichwa. Njiani kurudi nyumbani alingoja fimbo ya baba yake, lakini Kipkemei alitembea kando yake mpaka walipokaribia mlango.

"Nilikufundisha kuficha," alisema, "na kutoka kuficha hadi kudanganya ni hatua moja. Kosa lako nusu yake ni langu. Lakini kule kukimbia kumwokoa hukufundishwa na mtu." Alimwekea mkono begani. "Siku nyingine ukiogopa, mwanangu, usimfiche anayekuuliza. Mlete kwangu, tuogope pamoja, na tumwambie ukweli."